Bei ya Mvua, Bei ya Kahawa

Shangazi yangu Kemilembe hakujua kukaa. Ukimpa kiti alikalia ukingo, miguu imeelekea mlangoni na mwavuli mweusi ameubana kwapani, kana kwamba basi lingepita ndani ya nyumba yako muda wowote. Chai aliinywa ingali inaunguza. Mama yangu, ambaye alikuwa wifi yake na hakumpenda sana wala kumchukia sana, alisema Kemilembe amezaliwa na siafu miguuni. Shangazi mwenyewe aliambiwa hivyo akacheka, kisha akaaga.

Kazi yake ilikuwa udalali wa vibanja, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba na vilima vyote vya katikati. Siku hizo mkoa wetu ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na Muleba haijawa wilaya. Kibanja kwetu ni nyumba, ni migomba inayoizunguka, ni mibuni iliyo chini ya migomba, na ni makaburi ya wazee humo humo, hatua chache kutoka jikoni. Anayeuza kibanja anauza na babu yake. Ndiyo maana watu waliuza kwa aibu na kwa kunong'ona, na ndiyo maana alihitajika mtu wa kupita huku na huko, akijua nani amebanwa na nani anatafuta, bila wenyewe kutazamana usoni kabla ya wakati.

Haikuwa kazi ya wanawake. Yeye aliiingia kwa sababu hakuwa na mahali. Aliolewa mapema, ndoa ikamshinda, akavuka mpaka kwenda Kampala kama walivyovuka wengi wa rika lake, na watu nyumbani wakasema waliyoyasema. Alirudi mwaka wa Uhuru na masanduku ya nguo nzuri na fedha yake mwenyewe, akakuta babu yangu ameshazikwa na kibanja kimekwenda kwa baba yangu, Privatus, mtoto wa kiume. Binti kwetu hakurithi ardhi ya ukoo. Hakuna aliyemfanyia ubaya, ilikuwa desturi tu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Akapanda basi kwenda Bukoba, akapanga chumba mtaa wa Bakoba kwa Bi Mwamvita.

Bi Mwamvita alikuwa mjane wa Kiislamu, babu zake walitoka pwani na biashara zao wakasahau kurudi. Alikuwa na nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha, na mdomo usiolala. Yeye ndiye aliyemfungua Shangazi macho kuhusu majira. Vyumba vyake vilijaa kuanzia Juni, kahawa inapouzwa na watu wa vijijini wanashuka mjini na fedha ya kutumia: mwingine kununua baiskeli, mwingine kutibiwa, mwingine kupeleka kesi mahakamani kwa sababu sasa anaweza. Mvua za Novemba zikishika, wanarudi vilimani, na Bi Mwamvita anabaki na vyumba vitupu na ndoo za kukingia paa linalovuja.

“Nyumba zina msimu wake, Kemilembe, kama senene,” alimwambia. “Ukizitaka nje ya msimu utakula nini?”

Shangazi akaichukua hesabu hiyo ya vyumba akaipeleka kwenye vibanja. Wakati wa kyanda, yaani kiangazi chetu, kahawa imeanikwa kwenye mikeka na kila mwanaume anatembea kifua mbele. Hakuna anayetaka kuuza na kila mtu anataka kununua, kwa hiyo bei inapanda kilima. Ikifika Novemba fedha imeshakwenda kwenye harusi, kwenye mabati, kwenye pombe. Mvua inanyesha, kuna mgonjwa ndani, ada ya shule inakaribia. Anayelazimika kuuza anauza wakati huo, na kwa bei ambayo Julai angeicheka.

Hayo hata kipofu angeyaona. Jambo la pili ndilo lililomfanya Shangazi ajulikane. Kwetu, mtu akiuza kibanja cha ukoo kwa mgeni, ukoo una miezi mitatu ya kumrudishia mnunuzi fedha yake na kukikomboa, na mnunuzi hana ruhusa ya kukataa. Nunua Julai basi, uone. Baba wadogo wa muuzaji wamelipwa kahawa juzi, watachangishana wakiwa wanakunywa, na Jumapili baada ya misa wako mlangoni kwako na fedha kwenye kitambaa. Lakini nunua na mvua. Watakuja, watalia, watakutukana na kuapa kwa makaburi, na hawana kitu mfukoni. Miezi mitatu inakwisha Februari, kahawa ingali mbichi mtini, na kibanja ni chako moja kwa moja.

“Nunua na mvua” lilikuwa neno lake. Aliwaambia wateja, aliwaambia abiria waliokaa naye kiti kimoja ndani ya basi, alimwambia baba yangu nyumbani kwetu huku akimega ndizi na maharage. Alijivunia sana. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya kati, na nilimwona kuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote duniani, jambo ambalo mpaka leo sijalifuta.

Lilipokuja Azimio, mambo yakabadilika kidogo. Katibu mmoja wa chama, kijana mwenye sauti nzuri, aliitisha mkutano Muleba akaeleza kwamba ardhi ni ya umma, haiuzwi kama mkungu wa ndizi, na dalali ni kupe anayenyonya jasho la wakulima. Hakumtaja mtu, ila watu wote walimgeukia Shangazi. Akasimama.

“Ndugu Katibu, mimi sijauza ardhi hata siku moja. Nauza mibuni. Ardhi inaifuata yenyewe, sijui kwa nini.”

Mkutano ukaangua kicheko, na Katibu naye akacheka bila kupenda. Tangu siku hiyo watu walimwita Shangazi Kupe, kwa utani, naye aliitika. Lakini nilimwona akibadilisha njia. Alianza kushuka kwenye basi kabla ya kituo na kupita mashambani, na akikaa kwetu alisikiliza kila hatua nje ya mlango. Aliogopa, ingawa ungemuuliza angekukatalia.

Sasa nifike kwa baba yangu, na nitasema bila kuzunguka kwa sababu ameshafariki na hawezi kunichapa. Baba hakuwa mlevi. Afadhali angekuwa mlevi, tungekuwa na cha kulaumu. Baba alikuwa mtu wa mawazo. Alikuwa akishuka Muleba na kusimama kando ya barabara ya Biharamulo, akitazama mabasi yanavyopita na abiria wanavyoteremka na njaa, mpaka siku moja akaamua kwamba Mungu amemchagua kufungua hoteli ya chai na supu. Hoteli ilihitaji mtaji. Novemba ya mwaka elfu moja mia tisa sitini na tisa, mvua ikinyesha kwa siku nyingi mfululizo, akauza kibanja. Hakuuambia ukoo, wala hakumwambia dada yake. Mama alijua siku alipoambiwa afungashe masufuria.

Aliyenunua aliitwa Nathanieli, karani wa ofisi moja pale Bukoba, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Na huyu alikuwa mteja wa Shangazi. Shangazi alikuwa amemtembeza vilima vyote akimwonyesha vibanja, naye kila mara alishukuru, akasema atafikiri. Kumbe alikuwa anasikiliza somo. Alipolielewa vizuri akaenda kutafuta mwenyewe, na hivyo akaokoa ada ya dalali.

Sisi tulihamia chumba cha nyuma ya hoteli. Siku ya nne au ya tano mvua kubwa ilimkuta Shangazi akishuka kwenye basi Muleba, akakimbilia chini ya paa la karibu, na paa lile lilikuwa letu. Akageuka, akamwona kaka yake ndani, amejifunga taulo kiunoni, anapanga vikombe.

“Tata Immakulata,” alisema, yaani baba Immakulata, maana hivyo ndivyo alivyomwita kwa heshima, kwa jina langu. “Unafanya nini hapa?”

“Nauza chai.”

“Na kibanja?”

Baba akamimina chai kwenye kikombe, taratibu mno, akakisogeza mezani mbele yake. Shangazi akakitazama kile kikombe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona akiiacha chai ipoe. Halafu akatoka, mwavuli ukiwa bado umefungwa, akapanda kilima kwenye mvua, na mimi nikamfuata kwa sababu nilikuwa na hasira kama yake na sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Nathanieli tulimkuta kwenye kibanja akipanda miche mipya ya kahawa. Alinyoosha mgongo, akafuta mikono, akatusalimu vizuri.

“Karibu, dada Kemilembe.”

“Nathanieli, hapa amelala baba yangu.”

“Najua. Nimelizungushia kaburi ua, ng'ombe wasikanyage.” Na kweli alikuwa amelizungushia. “Mzee atakaa kwa amani. Mimi si mtu mbaya.”

“Ukoo utakuja kukikomboa.”

“Waje, waitu,” alisema, kwa neno letu la heshima, “ni haki yao. Watanirudishia na gharama ya hii miche, ndiyo desturi.” Nadhani aliona haya kwa alichotaka kusema, lakini akakisema. “Si wewe uliyenifundisha, dada? Nunua na mvua.”

Huyu mwanamke aliyemjibu Katibu mbele ya Muleba nzima, alisimama pale maji yakimtiririka usoni, akatazama ile miche, kila mmoja ukiongeza bei ya kumtoa mtu yule, kisha akageuka. Kwenye njia ya kushuka alisema mara moja tu, si kwangu, kwa hewa: “Nimeufunga mlango wa nyumba yetu kwa mkono wangu.”

Fedha alikuwa nayo. Miaka ya kuzunguka haikuwa imepita bure, na hakuwa na mtoto wa kusomesha wala mume wa kunywesha. Pengine alikuwa mtu pekee katika ukoo wetu aliyekuwa na fedha Novemba ile. Aliitisha kikao, akaiweka mbele ya wazee. Aliyesema kwa niaba ya ukoo alikuwa Karugendo, ndugu mdogo wa babu yangu, mzee mwembamba aliyekuwa akitafuna kahawa ya kuchemsha siku nzima na kutema maganda kabla ya kila neno zito.

“Fedha tumeiona, Kemilembe, nasi tunakushukuru,” alisema. “Lakini anayekomboa kibanja ni mwanaume wa ukoo. Wewe ni binti.”

“Basi komboa wewe, waitu, kwa fedha hii hii.”

Karugendo akatema ganda. “Nitakomboa. Kitakuwa changu na cha wanangu. Nawe ukija utatandikiwa kama mgeni wa heshima.”

Shangazi akaifunga fedha yake kwenye kitambaa, akaaga.

Sijawahi kuona mtu akihangaika namna ile. Kila basi lililopita Muleba yumo. Alikwenda kwa binamu mmoja Kamachumu, huyo akasema anamwogopa Karugendo. Akamfuata mwingine aliyekuwa fundi seremala Bukoba, huyo akakubali haraka mno, Shangazi akamtazama macho, akaondoka. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia. Hakulala, Bi Mwamvita alitusimulia baadaye. Alitembea chumbani mpaka wapangaji wengine wakalalamika. “Nilimwambia achague mmoja wao amwamini,” alisema Bi Mwamvita, “akanijibu kwamba amewauzia watu vibanja vingi mno kuweza kumwamini mtu.”

Ndipo akamkumbuka Mutembei. Huyu alikuwa mtoto wa babu yangu kwa mwanamke mwingine, asiye wa ndoa ya kanisa, lakini ukoo ulimtambua na babu alimpa jina. Alikuwa mvuvi kisiwani Goziba na hakuwa amekanyaga kwetu miaka na miaka. Shangazi alipiga hesabu yake: mtu aliyekimbia jembe mpaka katikati ya ziwa hatakuwa na tamaa ya migomba. Alishuka mwaloni, na yeye maji alikuwa akiyaogopa kuliko Katibu wa chama, akapanda mtumbwi wa injini uliojaa magunia ya chumvi. Aliporudi alikuwa amekonda, nguo zinanuka dagaa, na Mutembei alikuwa nyuma yake, mtu mkubwa mkimya mwenye mikono iliyokatwa na nyavu.

Kibanja kilikombolewa miezi mitatu ikiwa karibu kuisha. Nathanieli alipokea fedha yake bila ugomvi, akatushukuru hata, akaomba tu mchicha aliokuwa ameupanda avune kwanza. Ua wa kaburini aliuacha. Mashahidi walikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, Karugendo akatangaza kwamba kibanja sasa ni cha Mutembei mwana wa marehemu kaka yake, na watu wakapiga makofi. Shangazi alilia pale pale mbele ya watu, kwa sauti, na wanawake wakamwacha alie. Mimi, Mama na wadogo zangu tukarudi tulikozaliwa. Mutembei alikaa siku chache, akaonekana kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, akarudi ziwani.

Hoteli ya Baba haikufika hata kyanda. Dereva mmoja aliyekuwa akisimamisha basi mbele yake alihamisha kituo kwa sababu ya tope, na abiria wakahama naye. Baba akapanda kilima na vikombe vyake ndani ya kapu, akaingia mlangoni. Shangazi alikuwapo. Hakumtukana, hakumkaribisha. Alimpa jembe.

Kahawa ya mwaka ule ilikuwa nzuri. Shangazi alikuja kuvuna nasi, na hata yeye mwenyewe alistaajabu, alikaa wiki nzima. Siku ya nane, tukiwa tunageuza kahawa kwenye mikeka, tulimwona Mutembei akiingia kwa njia ya juu. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mtu mwenye kofia, na wawili hao walikuwa wakitembea polepole kwenye mpaka, wakisimama penye kila mmea wa mlamula, ule mmea tunaoupanda kuonyesha ardhi inapoishia. Shangazi aliujua mwendo ule. Alikuwa ameutembea na wateja maisha yake yote.

Akasimama. Akafuta mikono kwenye kanga, akachukua mwavuli wake, akaenda kuwakuta, mimi nyuma yake.

“Karibu, waitu,” alimwambia mgeni. “Unanunua?”

“Tunazungumza,” alisema yule mtu.

“Vizuri. Mimi ni dada wa huyu. Nikuonyeshe na majirani basi, usije ukawa mgeni.” Akanyoosha mwavuli wake. “Paa lile ni la Karugendo, baba yetu mdogo. Amelipwa kahawa juzi. Lile jipya la bati ni la mwanawe, naye amelipwa. Wale wa bondeni watalipwa Ijumaa. Wote ni ukoo huu. Wakisikia leo kwamba umenunua, kabla ya mwezi kwisha watakuwa wamekurudishia fedha yako, na utakuwa umepoteza nauli. Sikuzuii.”

Mgeni alimtazama Mutembei, akautazama mwavuli, akasema atafikiri. Tulimsikiliza akishuka mpaka hatukusikia tena viatu vyake.

Nilidhani Mutembei atampiga. Hakumpiga. Alisema, polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi: “Dada, ulinitoa kisiwani. Uliwaambia watu wote kibanja ni changu. Changu nikifanyie nini? Mimi nataka injini. Nimeambiwa nawe mwenyewe kwenye mtumbwi, njia nzima, kwamba anayeuza auze na kahawa.”

“Nilikuambia.”

“Basi kosa langu ni lipi?”

“Huna kosa,” alisema Shangazi. “Lakini hutauza. Dalali yeyote kati ya hapa na Bukoba nitamwambia kwamba kibanja hiki kina ukoo mkali. Hakuna atakayekigusa.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mvua. Mvua ikija, niuzie mimi.”

Mutembei alicheka, kicheko kisicho na furaha. Kumuuzia mwanamke wa ukoo ardhi ya ukoo kwa bei ya mvua, ardhi ambayo fedha ya kuikomboa ilikuwa ya mwanamke huyo huyo. Aliona upuuzi wake, nasi tuliuona. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Binti hakuweza kurithi, wala kukomboa hakuweza. Kununua aliweza, kama mtu baki yeyote mwenye fedha yake, na alichonunua kilikuwa chake, cha kumwachia amtakaye.

Miezi ile Shangazi alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Fedha yake ilikuwa imekwisha kwenye ukombozi, ikabidi atafute nyingine. Aliuza nguo zake za Kampala, zote, mpaka zile za hariri ambazo Mama alikuwa akizitamani kwa siri. Aliwatembeza wateja mpaka soli za viatu zikaisha. Bi Mwamvita alimsamehe kodi ya chumba mpaka mwaka uishe, akisema kwamba chumba chenyewe mtu hakilalii, atamdai vipi.

Novemba ziwa lilichafuka. Mutembei alipoteza nyavu, akaja kwetu amelowa na ana kikohozi, akakaa jikoni akiota moto bila kumtazama mtu. Shangazi alifika siku iliyofuata. Wazee wakaitwa, Karugendo na wenzake, na Katibu wa chama pia, ambaye aliambiwa kwamba kinachouzwa ni mibuni tu, akasema amesikia hilo mahali.

Mutembei alitaja bei ya mvua. Hakuwa na nguvu ya kutaja nyingine. Shangazi akakataa. Akataja yeye bei, na ilikuwa bei ya Julai, bei aliyokuwa akiitoa yule mtu mwenye kofia, senti haikupungua. Wazee wakatazamana. Mwanamke aliyewafundisha watu wote kununua na mvua alikuwa anatoa bei ya kahawa huku paa linavuja juu ya vichwa vyetu.

“Sitaki mtu aseme kesho nilikipata kwa sababu ulikuwa na njaa,” alimwambia Mutembei.

Kwa Bi Mwamvita, nilikuja kusikia, alitoa sababu nyingine: bei ikiwa kubwa hivyo, Karugendo hataweza kuifikia kabla ya Februari hata akiuza mbuzi wake wote. Sijui ipi ndiyo ya kweli. Namjua Shangazi, nadhani zote mbili.

Na Karugendo alijaribu. Alisema mnunuzi mwanamke ni sawa na mgeni, ukoo una haki yake, akapita nyumba hadi nyumba akichangisha. Watu walimpa maneno mazuri na mahindi. Mvua haikuwa na fedha kwa mtu yeyote, na hili Shangazi alikuwa amelijua kabla ya wote. Kila asubuhi ya miezi ile mitatu alisimama mlangoni akitazama njia, hakula vizuri, alishtuka mbwa akibweka. Mwisho wa Februari Karugendo alikuja peke yake, akiwa na fimbo yake, akakubali kukaa.

“Basi, mwanangu,” alisema. “Kibanja kimerudi nyumbani.”

“Hakijarudi, waitu,” alisema Shangazi. “Nimekinunua.”

Mzee alitafuna kahawa yake muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa. Baba yangu alikuwa amekaa pembeni, jembe kati ya magoti. Alikuwa amekipata kibanja kile kwa kuzaliwa tu. Dada yake alikuwa amekilipia mara mbili.

Kesho yake asubuhi Mama alimpikia Shangazi chai, akamwekea kiti chenye mgongo ambacho zamani kilikuwa cha babu. Shangazi alikalia ukingo. Aliinywa chai ingali inaunguza, akasimama, akachukua mwavuli. Mama alimtazama kama mtu aliyechoka kuelewa.

“Kemilembe, mwaka mzima umekufa kwa ajili ya kibanja hiki. Umekipata. Unakwenda wapi?”

“Kuna mtu Biharamulo anataka kuuza.”

“Si ungekaa?”

Shangazi alivaa viatu vyake mlangoni, akiwa ameinama, na alijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Sikununua ili nikae, wifi. Nimenunua ili pasiwe na mtu wa kuniambia niondoke.”

Kisha akashuka kilima kwenda kulisubiri basi.